Mpiga Chapa wa Skrini Iliyozimwa

Bi Nukta hakuwa mtu wa kupendeka haraka, na hakuwahi kumbembeleza mtu ampende. Pale mahakamani alibandikwa jina hilo baada ya kumrudishia hakimu rasimu ya hukumu na kumwambia, mbele ya makarani, kwamba sentensi yake ya tatu haijui inaishia wapi. Wengine walisema jina lilitokana na maandishi ya nukta nundu aliyojifunza ujanani. Yeye aliliacha likae, maana lilikuwa afadhali kuliko lile la kwanza, "yule kipofu wa chumba namba sita", ambalo watu walilitamka akiwa amesimama hapo hapo, kana kwamba macho yalipoondoka yaliondoka na masikio.

Chumba namba sita kilikuwa mwisho wa korido, baina ya stoo ya majalada na choo cha wafanyakazi. Meza moja, viti viwili, kabati la chuma lenye mlango uliogoma kufunga, na dirisha lililopigwa misumari zamani na hakuna aliyekumbuka kwa nini. Taa haikuwashwa humo. Skrini ya kompyuta nayo ilikaa imezimwa mwaka mzima, kwa sababu mwenye chumba hakuona faida ya kuwasha kitu asichokitumia. Saa mbili kasoro robo asubuhi aliingia, akatundika fimbo yake kwenye msumari, akavaa hedifoni, akaweka mguu wa kulia juu ya kanyagio la kuendeshea rekodi, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga chapa mienendo ya kesi. Sikio la kushoto lilisikiliza rekodi ya mahakama: mashahidi wanaokohoa, mawakili wanaokatizana, hakimu anayemung'unya maneno kama ana pipi mdomoni. Sikio la kulia lilisikiliza sauti ya kompyuta ikimsomea alichoandika, tena kwa kasi ambayo mtu wa kawaida haambulii neno. Karani wa majalada aliwahi kuziazima hizo hedifoni, akazivua upesi akauliza kama humo ndani wamefuga nyuki. Kwa siku Bi Nukta alitoa kurasa thelathini. Wapiga chapa wawili wa chumba namba mbili, wenye macho manne baina yao na feni juu, walitoa kumi na nane wakijikakamua, na Ijumaa hata hizo hazikufika.

Homa ya uti wa mgongo ilimlaza akiwa na miaka kumi na tisa. Ilimwachia uhai, ikaondoka na macho. Baada ya hapo watu waliacha kuzungumza naye, wakaanza kuzungumza juu yake. "Anakula nini?" walimuuliza mdogo wake. "Atakaa upande gani?" "Anasemaje?" Naye yuko hapo, ulimi wake mzima kabisa. Hasira yake ilianzia hapo, na tusiionee aibu hasira hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomtoa kitandani, ikampeleka shule ya wasioona akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na ikamkalisha mbele ya mashine ya chapa hadi walimu wakaishiwa cha kumfundisha. Waliomwonea huruma aliwachukia sawasawa na waliomcheka. Mtu mmoja tu alisamehewa kila kitu, naye ni huyo mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa mpole, na Mungu alimpa sauti ya kusomea. Tangu siku ya hospitali ndiye aliyemsomea dada yake kila kilichoandikwa kwenye karatasi: matokeo ya mitihani, maelezo ya dawa, barua za ofisini, hata barua za mapenzi enzi zilipokuwa zikija. Alisoma taratibu, hakuruka neno wala kutia lake. Miaka ishirini na saba alisoma hivyo. Katikati ya miaka hiyo akaolewa, na hapo ndipo Mtaalamu anapoingia.

Mtaalamu ni mume wa mdogo mtu, na pale mahakamani alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Jina alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kuwa kila mashine ilipokwama aliwaambia watu, "Msiguse, msubirini mtaalamu," kisha mtaalamu akawa ni yeye, na akaja baada ya siku mbili. Hakuwa mtu mbaya wa kuua. Alikuwa mtu wa fadhila, na watu wa fadhila wana ubaya wao. Yeye ndiye aliyempelekea Msajili wa zamani ombi la kazi la shemeji yake, na tangu siku hiyo hakuna harusi, msiba wala kikao cha familia ambacho hakusimulia. "Huyu shemeji yangu mimi ndiye niliyemtoa nyumbani," husema, akimshika bega. Mwaka wa kwanza Bi Nukta alitabasamu. Mwaka wa pili akawa anasogeza bega.

Kompyuta ya chumba namba sita ilikuja, kama zote arobaini na moja za mahakama, kutoka kwa kampuni moja yenye mkataba. Ilikuja na mfumo endeshi wa kampuni, yaani ule unaoiamsha mashine na kuitawala, na ndani yake programu ya kumsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini. Mtaalamu ndiye aliyeusimamia mkataba, na aliusifia kama mtoto wake wa kwanza. Tatizo ni kwamba leseni ya ile programu ya kusoma ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, kampuni ikasema haiwezi kuhangaika kwa ajili ya mtumiaji mmoja. Programu haikufa kabisa. Ilifanya jambo baya zaidi: ilizungumza dakika arobaini, kisha ikanyamaza mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

Jamani, hebu fikirini kuishi hivyo. Dakika arobaini za kazi, kimya, kuzima, kuwasha, kusubiri, kuanza tena. Bi Nukta alifika mahali akawa hata chooni anakwenda kwa ratiba ya leseni. Juu ya hayo, mfumo ulikuwa na tabia ya kujizima wenyewe saa za kazi ili kujisasisha, bila kumuuliza mtu, na mara nyingi ukirudi ulileta swali kwenye skrini ambalo sauti haikulisoma. Kwa hiyo skrini ilibidi iwake muda wote, ili mwenye macho aitwe aje aone kimekwama nini. Siku moja ushahidi wa siku mbili ulipotea hivyo, na hakimu akamwambia Bi Nukta kwamba labda kazi hii inahitaji mtu makini zaidi.

Alimfuata Mtaalamu ofisini kwake, akihesabu milango kwa fimbo.

"Shemeji, hiyo leseni inafanyiwa nini?"

"Inashughulikiwa."

"Uliniambia inashughulikiwa mwaka jana."

"Sasa shemeji, si inaongea lakini? Dakika arobaini siyo kidogo. Ikinyamaza, pumzika, kunywa chai."

"Wewe skrini yako ikizima kila baada ya dakika arobaini, utakunywa chai ngapi?"

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha kumpapasa mtoto kichwani, na Bi Nukta akatoka pale bila kuaga. Siku hiyo Bi Nukta alimchukia mtu huyu rasmi, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Dawa ilitoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya wasioona, naye hana macho, ana mdomo tu, na utani usiokwisha. Alimwambia kwenye simu kwamba yeye zamani aliachana na mifumo ya kuuziwa. Upo mfumo huria, alisema, ambao hauna bwana wa kukudai ruhusa. Umeandikwa na watu wengi wa sehemu nyingi, yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuona ulivyoandikwa na kuurekebisha, na unaanza kuzungumza tangu dakika ya kwanza unapouingiza. "Ukikosea, unakosea mwenyewe," mwalimu alisema. "Hakuna wa kumsingizia. Unaweza?" Bi Nukta alijibu kwamba hilo la kukosa wa kumsingizia ndilo litakalomsumbua, lakini atajikaza.

Mwalimu akamtumia flashi kwa basi. Bi Nukta alikwenda kwa Msajili wa zamani, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, akaomba ruhusa ya kubadilisha. Mzee hakuinua hata kichwa. "Kurasa zikitoka," alisema, "sitaki kujua zimetokea wapi." Jumamosi asubuhi, jengo likiwa tupu, Bi Nukta akachomeka flashi, akabonyeza vitufe alivyoelekezwa, na sauti ikamsalimu kwa Kiswahili. Hatua kwa hatua ikamuuliza, naye akajibu. Hakuitwa mtu mwenye macho hata mara moja. Saa sita mchana kompyuta ilikuwa yake, na kitu cha mwisho alichofanya kabla ya kutoka kilikuwa kupapasa nyuma ya skrini mpaka akapata kitufe chake, akaizima.

Jumatatu Mtaalamu alikuja mbio.

"Nani kagusa mashine yangu?"

"Yangu," alisema Bi Nukta.

"Shemeji, umefuta mfumo wa mkataba. Unajua nilivyohangaika kuupata? Unanivua nguo mbele ya watu."

"Nimevua changu tu. Arobaini zako zimebaki."

"Ikikwama usiniite."

"Nilikuwa nakuita, ukawa huji. Hapo patabadilika nini?"

Hawakusemeshana tena ofisini. Jumapili walikula meza moja nyumbani kwa Mtaalamu, kwa kuwa Bi Nukta alipanga chumba cha uani hapo hapo, na kodi aliilipa kila mwezi mkononi ili asije akaambiwa anakaa bure. Bakuli la mboga lilipita kwa mdogo mtu kwanza, likielekea huku au likielekea kule. "Mwambie dada yako chumvi iko hapo." "Mwambie mumeo nimeisikia." Mdogo mtu alipitisha chumvi na maneno, akatafuna chakula kilichokwisha kupoa.

Mashine haikukwama. Miaka miwili Bi Nukta aliinoa. Majina ya mitaa, vifupisho vya sheria, majina ya mawakili, vyote alivifundisha ile sauti imtamkie vizuri, moja baada ya jingine, hadi orodha ikapita maneno elfu tatu. Makosa aliyoyakuta kwenye sauti yenyewe aliwaandikia wale wanaoitengeneza, watu asiowajua, na wao wakayarekebisha na kumshukuru bila kumuuliza anaonaje kufanya kazi akiwa hivyo alivyo. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile, kulikuwa na watu waliomjua kwa kazi yake tu. Alifurahi, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kufurahi, alikuwa mkali zaidi kwa wiki kadhaa.

Kisha Msajili mzee akastaafu, akaja mpya, mwanamke wa makamo aliyependa kila kitu kiwe kwenye orodha. Mkataba wa kampuni ulikuwa unakaribia kuhuishwa, na kampuni ilitaka mashine zote arobaini na moja ziwe chini ya mfumo wake. Mtaalamu alikuwa na arobaini. Msajili akaagiza ukaguzi: kila mashine itembelewe mara tatu, iandikwe kama inafanya kazi.

Mara ya kwanza Mtaalamu alikuja Jumanne saa nne asubuhi. Bi Nukta alimjua kabla hajafika mlangoni, kwa fungu la funguo linalogonga pajani na mafuta ya nywele yanayomtangulia. Alisimama kizingitini. Hakubisha hodi wala kusalimu, maana alikuja kuona mashine, na mashine aliiona: skrini nyeusi tii, na mbele yake mwanamke amekaa kimya mikono mezani. Wakati huo Bi Nukta alikuwa anasikiliza shahidi aliyezunguka mbuyu kwa dakika nne nzima. Angeweza kusema "karibu, shemeji". Angeweza kugonga kitufe kimoja tu, mtu akajua kuna kazi. Badala yake aliinua mguu kwenye kanyagio, rekodi ikasimama, na mikono akaishusha mapajani. Amekuja kuona, alisema moyoni, basi na aone.

Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, mistari mitatu au minne. Alijua kabisa mtu huyu anakosea, na alijua neno moja lingemzuia. Alimwacha akosee. Funguo ziliporudi koridoni akakanyaga kanyagio na kuendelea na shahidi wake.

Barua ilikuja kwenye karatasi, kama barua zote za mahakama, kwa mtu asiyeona. Jioni ya siku hiyo mdogo mtu aliifungua kwenye kile chumba cha uani, jua bado likiwa juu ya kuta, akaanza kusoma kwa sauti yake ile ile. Kwamba kompyuta ya chumba namba sita imekutwa haifanyi kazi katika ziara tatu. Kwamba mtumiaji alikutwa ameketi mbele ya skrini iliyozimika bila kufanya lolote. Kwamba hali hiyo imetokana na kuingizwa mfumo usio wa mkataba. Kwamba inapendekezwa mashine irudishiwe mfumo wake, na mtumiaji ahamishiwe mapokezi, kukaribisha wageni, kuanzia tarehe moja. Hapo sauti ikakatika.

"Endelea," alisema Bi Nukta.

"Imeisha."

"Haijaisha. Barua ina sahihi."

 Mdogo mtu akayasoma majina ya mumewe, yote matatu, na cheo chake.

"Dada, nitaongea naye."

"Usiongee naye. Wewe ni mtu wa kusoma tu hapa."

Lilikuwa neno baya, na Bi Nukta alilijua likiwa bado mdomoni. Hakulirudisha. Mapokezi ni kiti kando ya geti, ambapo mtu hukaa kutwa akisema "nenda mkono wa kushoto" kwa watu wanaomuuliza askari badala yake. Angekaa pale mpaka astaafu, mikono mitupu, na kila anayepita angesema mahakama hii ina utu, imeajiri hata asiyeona. Afadhali kufa. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Msajili.

Msajili alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwita Mtaalamu.

"Anasema anafanya kazi," Msajili alisema.

"Mheshimiwa, nimemkuta mara tatu," alijibu Mtaalamu. "Skrini nyeusi. Amekaa tu. Huyu ni shemeji yangu, mimi ndiye niliyemleta hapa, sina sababu ya kumwonea. Inaniuma."

"Kurasa zinatoka," alisema Bi Nukta.

"Kurasa zinatoka bila jina la aliyezipiga," alisema Msajili. "Sijui ni zako au ni za chumba namba mbili. Twende tukaone."

Walikwenda wote watatu. Bi Nukta alikaa, akaweka vidole kwenye kibodi, akabonyeza vitufe vyake vya kwanza. Sauti iliyomjibu haikuwa yake. Ilikuwa ile ya zamani, ya kampuni, inayotamka Kiswahili kama mgeni anayesoma menyu. Jana jioni, wakati yeye anasomewa barua, Mtaalamu alikuwa humu ndani. Alikuwa amefuta kila kitu na kurudisha mfumo wake kabla hajaruhusiwa. Orodha ya maneno elfu tatu ilikuwa na nakala nyumbani, maana Bi Nukta hakuwa mjinga. Lakini Mtaalamu hakujua kuna nakala, na alifuta hivyo hivyo.

"Nimeshaitengeneza," alisema Mtaalamu, akawasha skrini. "Mheshimiwa, unaona? Inafanya kazi vizuri."

"Naona," alisema Msajili. "Picha nzuri."

 Kilichomjia Bi Nukta kwanza ni kuinua kibodi na kukitua juu ya mafuta ya nywele. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, nakuomba ukae," alisema. "Kiti kipo hapo pembeni. Dakika arobaini na mbili, basi. Na wewe, Mtaalamu, kaa, au simama, ni juu yako."

Akavaa hedifoni, akakanyaga kanyagio, akaanza. Msajili, aliyekuwa ameangalia saa mara mbili, aliacha kuiangalia. Ukurasa wa kwanza ulijaa, ukaja wa pili, na ndani ya wa pili alimwona mpiga chapa akirudi nyuma mistari sita kurekebisha herufi moja ambayo yeye mwenyewe, kwa macho yake, hakuwa ameiona. Mtaalamu alichangamka. Alimwinamia Msajili akanong'ona kwamba si unaona mfumo wetu unavyomfaa, tatizo ni ubishi tu. Bi Nukta alimsikia, akapiga chapa.

Katikati ya jina la shahidi wa pili, sauti ilikatika. Mikono ya Bi Nukta ilisimama pale pale, kisha akaishusha mapajani. Skrini iliendelea kung'aa.

"Endelea," alisema Msajili.

"Naendelea na nini? Imekufa."

"Mbona inawaka?"

"Inawakia ninyi."

 Msajili aliinama akaangalia skrini, akaangalia ile mikono, akarudi kwenye skrini. Akauliza itafufuka lini, akaambiwa ikizimwa na kuwashwa, na kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote kabla ya mfumo huria. Akauliza kuhusu zile siku tatu. Bi Nukta akamwambia kwamba siku zile kioo tu ndicho kilichozimwa, mashine ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Taa ya skrini ni ya mwenye macho, na humo ndani hakuwemo.

Msajili akageuka. "Ulimuuliza anafanya nini?"

"Nilikuwa nakagua mashine, mheshimiwa," alisema Mtaalamu.

"Mara zote tatu, hukumsalimu hata?"

 Msajili akamuuliza pia ni nani aliyempa idhini ya kubadilisha mfumo jana, kabla yeye hajaamua.  "Nitaandika," alisema, na visigino vyake vikaondoka koridoni.

Walibaki wawili. Mtaalamu alipumua kwa nguvu, kama aliyepanda ngazi.

"Mimi ndiye niliyekuingiza hapa, shemeji. Mimi."

"Ndiyo. Na nilikushukuru siku ile ile. Sasa ni miaka minane unakuja kuchukua shukrani nyingine kila wiki. Zimeisha. Tafuta kipofu mwingine."

Alitoka bila kufunga mlango. Bi Nukta alikaa pale akisikia moyo wake ukidunda kwa raha. Ni raha hasa, tusimpake rangi. Hakuwa amejisikia hivyo tangu siku ile ya Jumamosi.

Barua ya pili ilifika Jumamosi saa tano asubuhi. Mdogo mtu aliileta uani, akakaa kwenye kigoda, akaichana bahasha. Akasoma. Kwamba uhamisho umefutwa. Kwamba mpiga chapa wa chumba namba sita ataendelea na kazi yake kwa mfumo anaouchagua, na mashine yake itaondolewa kwenye mkataba. Kwamba mkuu wa kitengo cha kompyuta amebainika kutoa taarifa ya uongo kwa mamlaka na kufuta kazi ya mtumishi bila idhini, na kwa hiyo amevuliwa ukuu wa kitengo kuanzia leo, na atapangiwa kituo kingine, nje ya mji. Alisoma yote, taratibu, hakuruka neno. Akayasoma na majina ya mumewe, yote matatu. Akasoma sahihi ya Msajili, na tarehe.

Bi Nukta alingoja mdogo wake alie, au amlaumu. Mdogo mtu alikunja barua kwanza.

"Dada, nina swali moja."

"Uliza."

"Wewe unasikia paka akipita nje ya ukuta. Hukumsikia alipokuja?"

Angeweza kudanganya. Hedifoni alikuwa nazo, kazi ilikuwa nyingi, na mtu yeyote angemwamini. Lakini huyu ndiye pekee ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kumtilia neno lake ndani ya barua.

"Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

"Zote tatu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliinua na mguu, ili aone vizuri."

Mdogo mtu aliinuka. Aliiweka barua juu ya magoti ya dada yake, akaisawazisha kwa kiganja kama anavyofanya kwenye kitambaa cha meza.

"Yeye hakukusalimu kwa sababu ni mjinga," alisema. "Wewe hukumsalimu kwa makusudi. Mimi nilikuwa nalala kitanda kimoja na yeye na nakusomea wewe, na hakuna kati yenu aliyefikiria nitahamia wapi. Hii ndiyo ya mwisho, dada. Zitakazokuja, tafuta wa kukusomea."

Nyayo zake zilivuka uwanja. Bi Nukta alisikia mlango wa nyumba kubwa ukifungwa, kisha komeo likisukumwa ndani, mchana kweupe. Alikaa na barua ile magotini, na baada ya muda akaipapasa pande zote mbili, akijaribu kujua ni upande gani wenye maandishi.